Miganda Iliyofungwa kwa Ukindu

Mkwaja
Alhamisi, 11 Agosti 2022

Asmahani mwanangu,

Salamu zangu zikufikie wewe na mama yako. Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa. Mimi sijambo, ukiacha masikio, ambayo sasa yamefunga duka kabisa. Ile simu uliyoniletea Idi naitumia kumulikia kuku bandani. Mtu akinipigia naiona inatetemeka, naitazama mpaka inachoka yenyewe. Kwa hiyo tuendelee na barua zetu. Uweso na Fuso lake wapo, na mwanamke aliyefundisha watu wazima wa kijiji hiki kusoma kwa miaka kumi na tisa hawezi kushindwa kumwandikia mtoto wa kaka yake.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tatu ulipokuja hapa na wenzako wa kikundi chenu cha chakula, Kapu la Nyumbani, mliniomba mbegu yangu ya mpunga, kile kiuzi, nami nikakukatalia mbele ya watu. Nilisema mbegu haitoki ndani ya nyumba ya mwanamke mpaka atolewe yeye. Ulimaliza chai yako, ukapanda gari. Nilikuona umeumia. Tangu siku ile nimekuwa nikikuwaza wewe kuliko hiyo mbegu.

Masika ya mwaka huu yamenibadilisha. Paa linavuja juu ya uchaga wa jikoni ninapotunza mbegu, na panya wamejua njia. Halafu maji ya bahari yamepanda mkondo mpaka kwa jirani yangu Sele. Mpunga wake wa dukani ulikauka ukawa mweupe, na sasa amechimba majaruba anakausha chumvi. Kwangu pale Bondeni maji ni yale yale, lakini kiuzi kimesimama na uzi wake mweusi kwenye ncha, kama vile hakikuambiwa. Marehemu babu yako alikikuta kwa mama yake. Mimi sina binti. Nikifa leo, watakaokuja kunizika watautwanga ule mpunga wapikie waombolezaji, na hawatakuwa na kosa, kwa sababu hawatajua.

Basi nimekubali. Nakuletea miganda arobaini, yote niliyo nayo, sikubakiza hata suke. Ulisema ghala lenu lina mapipa ya bati, na kwamba mtawagawia wale wakulima walioharibiwa na chumvi, halafu kila mmoja akivuna atarudisha mara mbili. Fanyeni hivyo. Mimi mwezi wa pili mniletee miganda kumi yangu nipande. Iliyobaki ni yenu na watoto wenu.

Jambo moja, kwa kuwa wewe umekulia mjini. Mpunga wa kula tunaufunga kwa mgomba mkavu. Wa mbegu tunaufunga kwa ukindu, maana ukindu unavumilia moshi wa uchagani. Baba yako angeona ukindu asingeuliza neno. Wewe ninakuandikia: hii ni ya ukindu, isitwangwe.

Barua naitia chini kabisa ya tenga, kwa sababu Uweso husoma kila kinachopita mikononi mwake, kisha anakwenda kusimulia kivukoni Pangani.

Shangazi yako,
Wanu Abdulwakil


(Barua hii haikutumwa.)

Usagara, Tanga
Jumanne, 16 Agosti 2022

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mwisho. Mbegu yako imeliwa.

Tenga lilifika Ijumaa asubuhi. Nilipolifungua nikaona miganda imepangwa vizuri, inanukia moshi wa jikoni kwako, nikakaa chini nikalia. Baba alipokuwa hai ulimletea kila mwaka mpunga mpya wa miganda, namna hiyo hiyo, na ndio tuliosomea hitima ya babu na bibi. Tangu afariki hukuleta. Nikasema, shangazi amenisamehe kwa yale ya mwezi wa tatu, ameleta mpunga wa hitima ya kaka yake. Habari ya mbegu haikunipitia kichwani. Ulikuwa umeikataa mbele ya watu, na mimi neno lako nililiamini.

Mama aliuliza mbona kamba safari hii si za mgomba. Lakini mama ni mtu wa Wete, mambo yenu ya Mkwaja anayajua kwa kusikia. Nikamjibu labda mgomba umekosekana. Hilo nalikumbuka kila nikifumba macho, shangazi, kwamba niliulizwa na nikajibu haraka.

Majirani walileta vinu viwili. Jumamosi kutwa walitwanga na kupepeta hapa uani, wanacheka, wanataniana. Jumapili baada ya adhuhuri tukasoma hitima, watu wapata sitini wakala. Wote walisifu wali. Mzee mmoja aliniambia hajala wali wenye harufu ile tangu utoto wake. Nilijiona mtoto mwema wa baba yangu.

Alasiri, wageni wameondoka, nikachukua tenga lililoingia makapi nilikung'ute. Nikaona karatasi imekunjwa chini. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Nimepekua uani, chini ya vinu, kwenye nyufa za sakafu. Kuku wa jirani walinitangulia. Punje chache nilizopata zimepasuka zote, nimezilaza kwenye kitambaa chenye maji na hakuna hata moja iliyochipua.

Nilikuwa nimekuomba kitu kimoja tu maishani, shangazi, na uliponipa nilikipika. Kesho Uweso anarudi. Nitampa barua hii.

Mwanao,
Asmahani


Usagara, Tanga
Jumatano, 17 Agosti 2022

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na mama anakusalimu sana. Mzigo umefika salama pamoja na barua yako. Sina maneno ya kukushukuru. Najua ulichonipa si kitu kidogo.

Kuhusu mbegu usiwe na wasiwasi. Panya hawataifikia. Nimewaambia wenzangu wa Kapu kwamba umekubali, na Yona, anayesimamia wakulima wetu wa upande wa Muheza hadi ufukweni, aliruka kama mtoto. Anasema mwakani watu wake wataacha kununua mbegu isiyoijua bahari.

Nakurudishia tenga lako. Ndani kuna halua, kahawa, na kanga mbili ambazo mama amezichagua mwenyewe. Nisamehe kwa barua fupi, Uweso yuko mlangoni anapiga honi.

Mwanao,
Asmahani Hafidh


Mkwaja
Ijumaa, 2 Septemba 2022

Asmahani mwanangu,

Nimeipokea halua na nusu yake imekwisha, usimwambie daktari. Kanga nimezipenda. Mama yako ana jicho, ila hiyo ya maua mekundu itanitafutia balaa na wajane wenzangu.

Tenga nalo limefika. Nililikung'uta uwanjani, kuku wakaja mbio.

Hebu sasa niambie vizuri habari za mbegu. Barua yako ilikuwa fupi mno. Imekaaje, imekaa wapi, nani ana ufunguo? Mtu mzima akishatoa kitu huwa msumbufu, univumilie. Niambie lolote, hata kama si zuri. Hata kama kuna lililoharibika. Mie si mtu wa kuogopwa, labda na wale wanafunzi wangu waliokuwa wakisinzia darasani. Mvua bado iko mbali, na jambo likisemwa sasa huwa lina dawa.

Nakusubiri.

Shangazi yako,
Wanu


Usagara, Tanga
Jumatatu, 24 Oktoba 2022

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenizidi, lakini ni kazi za kheri.

Shule nne za mjini zimekubali kupika chakula kinachotoka kwetu. Fuso la Uweso sasa linachukua mihogo na nazi kutoka kwenu, linapita Kipumbwi kwa choroko, na Yona analeta maharage na ndizi kutoka Muheza. Juzi nilikwenda Raskazone, kwenye shule moja pale, nikawakuta watoto wanakula muhogo wa nazi. Mwalimu mkuu aliniambia zamani walipika unga uliosafiri siku tatu barabarani, wakati mihogo ya Pwani inaozea mashambani. Nilifurahi nikakukumbuka, maana mihogo ile mingine ilikuwa yako.

Mambo ya mbegu yanaendelea. Yona amekwishaorodhesha watu wake kumi na wawili, na huku Pwani tumepata kumi. Wote wanakisubiri kiuzi. Wananiuliza kila tukikutana, nami nawaambia shangazi yangu ndiye aliyetuokoa.

Wakati mwingine natamani nije Mkwaja nikae na wewe siku mbili tu, tuongee, nikuandikie kwenye daftari yale ninayotaka kukuambia. Kuna mambo ambayo hayafai kwa barua. Nikipata nafasi nitakuja.

Mwanao,
Asmahani


Mkwaja
Jumamosi, 14 Januari 2023

Asmahani,

Uliandika utakuja. Nilifagia chumba, nikaazima godoro kwa mke wa Sele. Godoro nimelirudisha.

Huku jua kali. Nimelima Bondeni, nimeacha tayari. Sele ananicheka, ananiandikia kwenye mchanga niachane na mpunga nichimbe majaruba ya chumvi kama yeye, mwanangu atajenga. Nikamjibu kwamba sina mwana wa kujenga, nina wa kupanda. Akacheka, akaondoka.

Zuwena wa Kipumbwi ni mgonjwa. Unamkumbuka, yule kungwi mwenzangu mwenye mwanya, aliyekuwa akikupa ubuyu. Kifua kinambana. Nataka niende kumwona, na nina haja moja kwake, lakini hiyo haja inategemea utakaloniandikia wewe. Kwa hiyo naketi hapa na kalamu yangu na macho yangu njiani.

Nakuuliza mara ya mwisho kwa upole, maana mara nyingine sitauliza. Mbegu yangu iko wapi?

Wanu


Usagara, Tanga
Jumatatu, 20 Februari 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Usinikasirikie. Nimeshindwa kuja kwa sababu ya hesabu za mwaka za Kapu, na mama aliugua kidogo.

Kiuzi chote kimekwishagawiwa. Wakulima walikuwa wengi kuliko tulivyofikiri, na kila mmoja alilia na hali yake, tukajikuta hata miganda yako kumi imekwenda. Wakivuna tutakurudishia mara mbili kama tulivyokubaliana. Kwa mwaka huu nakuletea mfuko wa mbegu nyingine, mbegu nzuri ya dukani, yenye dawa, usiwape kuku. Mtaalamu mmoja ameniambia inastahimili. Panda hii Bondeni msimu mmoja tu.

Nakuomba sana uipande, shangazi. Nifanyie hilo.

Asmahani


Mkwaja
Ijumaa, 28 Aprili 2023

Asmahani,

Idi njema, imekwisha lakini natoa.

Zuwena tulimzika siku ya kumi ya Ramadhani. Nilikaa kwao mpaka matanga yalipovunjwa siku ya tatu, kisha nikarudi nyumbani.

Mbegu yako niliipanda kama ulivyoomba. Ilichipua vizuri, kijani cha kupendeza, hata Sele akaja kuitazama. Maji yalipanda wiki iliyopita. Jana asubuhi Bondeni kote kulikuwa kweupe.

Sikuulizi kitu.

Wanu Abdulwakil


Usagara, Tanga
Jumatatu, 15 Mei 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Ndani ya barua hii kuna nyingine, ya tarehe kumi na sita Agosti mwaka jana. Isome hiyo kwanza, kisha rudi hapa.

Sasa umejua. Niliiandika, nikaitia mfukoni, Uweso akaja, na badala yake nikampa ile nyingine. Nilijiambia nitakuambia wiki ijayo, nikishapata mbegu mahali pengine. Nikatafuta. Nilituma watu Sange na Mkalamo, nikampigia ndugu wa mama kule Pemba, nikaenda mwenyewe kwenye magulio mpaka Muheza, nikiuliza mpunga wenye uzi mweusi nchani. Wazee walinijibu waliujua, wakaniuliza mimi niliuona wapi. Kila barua yako ilipofika niliifungua, nikaona unauliza, nikadanganya tena ili uongo wa kwanza usionekane. Hakuna mtu hata mmoja aliyegawiwa kiuzi. Majina ni ya kweli, watu ni wa kweli, mbegu haikuwapo.

Na ule mfuko wa dukani niliukuletea nikijua. Hakuna mtaalamu aliyeniambia lolote. Nilitumaini tu kwamba mwaka huu bahari isingepanda.

Jana niliwaambia wenzangu wote kwenye kikao. Yona alichukua kofia yake akatoka. Nimeandika barua ya kuacha ukatibu wa Kapu. Nakuomba uniruhusu nije nikuangukie miguuni. Usiponijibu nitajua ni haki yangu.

Ningeweza kusema sikujua ukindu, na ni kweli sikuujua. Lakini kuanzia Jumapili ile alasiri nilijua kila kitu.

Mwanao, kama utakubali,
Asmahani


Mkwaja
Alhamisi, 21 Septemba 2023

Asmahani mwanangu,

Shikamoo yako imepokewa. Nimekaa na barua yako miezi minne, si kwa kukukomoa. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika yangu.

Nilijua. Nilijua tangu lile tenga liliporudi na halua. Nililikung'uta uwanjani, kuku wakaja mbio, nikainama kuona wanagombea nini. Yalikuwa makapi. Makapi mapya, yenye uzi mweusi. Mpunga wa mbegu hauna makapi, mwanangu, hayo hutoka kwenye kinu. Nilikaa pale uwanjani mpaka jua likanitoa.

Siku ile nililia. Siku ya pili nikapata nafuu, kwa sababu nilikumbuka Zuwena. Miaka miwili nyuma nilimpa miganda minane, kwa siri ya makungwi, naye aliipanda kidogo kidogo. Pale Kipumbwi juu ya uchaga wake kulikuwa na kiuzi cha kutosha kuanza upya. Kutoka hapa kwenda kwake ni safari ya asubuhi moja. Ningekwenda wiki ile ile.

Sikwenda. Nilisema nitamsubiri Asmahani aseme mwenyewe. Akisema tu, nitamjibu: nyamaza, usilie, ipo kwa Zuwena. Nilikwishayapanga hata maneno. Ni ualimu ule ule. Mwanafunzi aliyekosea nilikuwa simtaji jina, namwacha mpaka anyooshe mkono. Kwa hiyo nikakuandikia, nikakufungulia mlango, hukuingia. Nikakufungulia tena. Kila ulipodanganya nilizidi kukaa kitako, nikijiambia hii ni subira. Haikuwa subira. Nilikuwa na hasira, na nilitaka uje kwa magoti.

Zuwena naye akaugua. Nilikuandikia kwamba nina haja kwake inayotegemea barua yako. Ningeweza kuondoka siku ile ile, fimbo mkononi, nikauomba ule mpunga kwa mtu aliye hai. Nilibaki hapa namngoja Uweso.

Nilipofika Kipumbwi walikwisha kumwosha. Mabinti zake walikuja kutoka Dar es Salaam, watoto wazuri, wenye adabu, wakanibusu mkono. Siku ya tatu walitayarisha futari ya hitima. Nilikuwa nimekaa jamvini na wanawake, sisikii kitu, natazama midomo tu. Masikio yamekufa lakini pua bado. Sinia lilipofunuliwa niliujua wali ule kabla haujatua chini. Nikainuka nikaenda jikoni. Kamba za ukindu zilikuwa zimetupwa kando ya jiko, na uchaga mtupu. Yule binti mkubwa akaniambia kwa vidole kwamba walishukuru Mungu kuukuta mpunga wa mama, maana wageni walikuwa wengi.

Ningesema nini, Asmahani? Nimwambie mtoto aliyefiwa kwamba amewalisha watu mbegu? Nilirudi jamvini, nikanawa, nikala. Ulikuwa mtamu. Nilimega mpaka sinia likaisha, na wenzangu wakafikiri ni saumu imenishinda.

Kwa hiyo usije kuniangukia miguuni. Wewe ulikipika bila kujua ukaficha, mimi nilijua nikanyamaza. Na ile barua niliitia chini ya tenga kwa kumwogopa Uweso na mdomo wake. Ningeiweka juu, ungeisoma kabla ya kugusa mganda wa kwanza. Hilo nalo limo kwenye hesabu yangu. Nimekusamehe tangu zamani, ilikuwa kazi kukuambia. Sasa nasubiri wewe unisamehe mimi, na safari hii sitajua kama umenisamehe mpaka useme.

Ukatibu usiuache. Wale watoto wa shule wanakula, na mihogo yangu ina pa kwenda. Mwambie Yona arudishe kofia yake kichwani. Lakini zungukeni Pwani yote, kila kibibi mwenye uchaga mumuulize ana nini juu yake, mwandike jina la mbegu na jina lake yeye. Mkipewa mbegu, mchukue nusu. Akiwapa yote, mkatae.

Bondeni nimemwachia Sele. Mwezi wa saba alichimba majaruba pale penye mpunga wa babu yako, na mimi nilikaa kwenye tuta namtazama. Hakunidai wala sikumdai, tumekubaliana kugawana. Jua la mwezi huu ni zuri kwa kazi hiyo.

Tenga unalolipokea ni lile lile. Kuna nazi na mihogo kidogo. Chini yake kuna mfuko wa chumvi, nimeufunga kwa kamba ya ukindu niliyookota jikoni kwa Zuwena. Ndiyo mavuno ya kwanza ya Bondeni mwaka huu. Wape wapishi wa zile shule, waitie kwenye mboga za watoto.

Barua nimeiweka juu.

Shangazi yako,
Wanu